Chupa ya mwaka wa mvua: nani msema kweli?

Swali: "Mimi ni mhudumu katika mkahawa mmoja hapa Malindi, huu ni mwaka wangu wa tatu. Kwenye orodha yetu kuna mvinyo mwekundu wa Kiitaliano, Barolo ya 2014, na bei yake iko chini ya ile ya 2016 ya mtengenezaji huyo huyo. Juzi mgeni Mwitaliano aliisukuma orodha akasema 2014 ulikuwa mwaka wa mvua, hawezi kulipia maji. Siku mbili baadaye mama mmoja, naye Mwitaliano, aliagiza chupa hiyo hiyo, akaimaliza na mumewe, akaniambia nimwekee nyingine ya kesho. Meneja anataka tuishushe bei ziishe. Mimi mwenyewe sinywi pombe, kwa hivyo siwezi kuonja nikaamua. Nani msema kweli? Na msimu mbaya unaingiaje ndani ya chupa?"

Jibu:

Mwanangu, wote wawili wamesema kweli. Wa kwanza alikuwa anauzungumzia mwaka, wa pili alikuwa anaizungumzia chupa.

Tumpe haki yake yule wa kwanza. Barolo hutoka kwenye vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, nebbiolo. Kiangazi cha 2014 huko kilikuwa kiangazi cha jina. Julai na Agosti, miezi ambayo jua linatakiwa liwake, kulikuwa na baridi na mvua, na baadhi ya mashamba yakapigwa na mvua ya mawe. Aliyekuwa Italia mwaka ule huenda bado anaikumbuka likizo yake ilivyoloana, na nadhani ni kumbukumbu hiyo iliyoisukuma orodha yako. Lakini nebbiolo haivunwi Agosti. Ni zabibu mvivu kuiva, aghalabu huvunwa Oktoba, na kufika Septemba 2014 jua lilikuwa limerudi. Aliyekuwa bado ana zabibu nzima shambani alipata wiki kadhaa za kuokoa alichoweza. Ambaye zake zilikuwa zimeshaoza, jua hilo lilimkuta ameshachelewa.

Kwa hivyo ukisikia mtu anataja mwaka mbaya, mwulize moyoni mambo mawili: tabu ilifika lini, na ilipofika mwenye shamba alifanya nini?

Sisi wa huku jambo hili hatuhitaji kulisoma vitabuni. Mwulize yeyote mwenye miembe kule Magarini. Mvua ikinyesha miembe imechanua, maua hugeuka meusi yakapukutika, na mwaka huo utahesabu maembe kwa vidole. Lakini hayo machache yaliyoshika, mti unayalisha peke yake. Mvua hiyo hiyo ikija maembe yameshajaa na yanakaribia kuiva, utayapata mengi, makubwa, ya kupendeza macho, na ukiyauma ni maji matupu. Mvua ni ile ile, ila imeshuka kwa tarehe nyingine. Mzabibu ndivyo ulivyo, na tofauti ni kwamba mwenye mzabibu ataubandika mwaka huo kwenye chupa na utakutana nao miaka kumi baadaye.

Majira ya baridi ya kule mzabibu hulala kabisa. Hupukutisha majani ukabaki mti mkavu kama kuni. (Dodoma, ambako hakuna baridi ya kuulaza, mkulima huulaza mwenyewe kwa kuupogoa, na ndiyo maana wenzetu wale huvuna mara mbili kwa mwaka. Hapa Malindi unyevunyevu wa bahari ungeuweka mzabibu mashakani mwaka mzima, na sishauri mtu ajaribu.) Mwezi wa tatu na wa nne macho hufumbuka, chipukizi laini zikatoka, na hapo ndipo msiba wa kwanza huweza kuingia: jalidi. Usiku mmoja wa baridi kali, na asubuhi chipukizi zimekauka kana kwamba zimepitiwa na moto. Aprili 1991 jalidi iliipiga Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa namna ambayo Petrus, mmoja wa mivinyo ghali kuliko yote duniani, haukutengenezwa kabisa mwaka ule. Mzabibu huwa na macho ya akiba, utachipua tena, lakini matunda yake ni machache na yanachelewa, na ukifika wakati wa kuvuna shamba moja lina zabibu za umri mbili.

Sasa linganisha na 1961. Mwaka huo pia jalidi iliipiga Bordeaux, tena ilichelewa, ilikuja mwezi wa Mei, na maua nayo hayakushika vizuri. Mavuno yakawa madogo mno. Kiangazi kilichofuata kikawa kikavu na chenye jua, na vile vichala vichache vilivyobaki vikaiva kama vilivyotakiwa. Leo 1961 unahesabiwa miongoni mwa miaka bora ya Bordeaux katika karne nzima iliyopita. Jalidi haikuongeza utamu wowote. Ilipunguza idadi ya walaji, na jua likaja kulisha waliobaki. Lisingekuja, ungekuwa mwaka mwingine wa kusahauliwa.

Maua ya mzabibu ni madogo, mtu anaweza kuyapita bila kuyaona. Huchanua mwisho wa Mei hadi Juni kwa siku chache tu, na baridi au mvua ikiyakuta, mengi hayatungi. Ndivyo ilivyokuwa Bordeaux 2013, hasa kwa zabibu za merlot. Kuanzia maua hadi mavuno wakulima huhesabu kama siku mia moja, kwa hivyo maua yakichelewa wiki mbili na mavuno huchelewa wiki mbili, yakaangukia kwenye mvua za Oktoba. Mwaka 2013 ulipigwa mwanzo na ukapigwa mwisho, na hapo sioni la kuutetea.

Kuna kipindi kimoja ambacho ningependa ukishike kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachoamua mvinyo mwekundu utakuwa mwekundu wa namna gani. Mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti zabibu, ambazo mpaka hapo ni za kijani na ngumu kama gololi, huanza kugeuka rangi. Kabla ya siku hizo, ukame wa wastani ni rafiki. Mzabibu ukihisi maji yanapungua huacha kurefusha matawi, zabibu hubaki ndogo, na zabibu ndogo ina ganda jingi ukilinganisha na maji yake. Rangi yote ya mvinyo mwekundu imo gandani, na sehemu kubwa ya ule ukakasi nayo imo humo. Ukibana zabibu nyekundu kwa vidole, maji yanayotoka huwa karibu meupe. Mvinyo huwa mwekundu kwa sababu maji na maganda huachwa pamoja kwenye tangi kwa siku au wiki kadhaa wakati hamira inakula sukari.

Ukakasi huo huitwa tanini. Wewe hunywi, lakini bibo umekula. Unajua bibo ambalo halijaiva linavyoukausha ulimi mpaka unahisi umelamba msasa? Hiyo ndiyo tanini mbichi. Bibo lililoiva vizuri bado lina ukakasi, ila umelainika na umefunikwa na utamu. Kazi yote ya Agosti na Septemba katika shamba la nebbiolo ni kuitoa tanini kwenye hali ya bibo bichi na kuifikisha kwenye hali ya bibo lililoiva, na kwa kazi hiyo sukari peke yake haitoshi, inatakiwa muda. Mwaka wa baridi hunyima sukari na tanini zote mbili. Mwaka wa joto kupita kiasi nao una hila yake: mwaka 2003, Ulaya ilipoungua kwa joto la Agosti, majani ya mizabibu mingi yalifunga vitundu vyake yasipoteze maji, na mti uliofunga vitundu haupiki chakula. Sukari ikapanda kwa sababu zabibu zinanyauka, uchachu ukaanguka, tanini ikabaki nyuma. Mivinyo mingi ya mwaka huo ina kilevi kingi na ladha ya matunda yaliyopikwa. Utaona, hata mwaka wa jua tupu ni mwaka mgumu, ila wageni hawausemi hivyo kwa sababu likizo zao zilikuwa nzuri.

Hapa niseme ninalolipinga. Utawasikia wauzaji wakisema mzabibu lazima uteseke ndipo utoe mvinyo bora. Maneno matamu, yanauza chupa. Lakini mti unaoteswa kweli huzaa matunda ya kuteswa. Kinachofaa ni njaa kidogo, kwa wakati wake, kwenye mti wenye mizizi iliyokwenda chini. Mizabibu mizee kwenye mteremko, udongo unaopitisha maji, hupita mwaka wa mvua na mwaka wa ukame kwa utulivu ambao mzabibu mchanga wa bondeni hauna. Ndiyo sababu kwenye mwaka mwepesi mashamba yote hukaribiana, na kwenye mwaka mgumu hutengana kama mchele na chuya.

Halafu kuna ile mvua ya mwisho, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Zabibu imeshaiva, ganda limelainika, mizizi inakunywa na tunda linavimba. Kilichokuwa kimekolea kinatawanyika. Zikigusana kwenye kichala zinapasuka, ukungu unaingia, na kwenye zabibu nyekundu ukungu huo hula rangi na kuacha harufu ya godoro lililonyeshewa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huku mbingu zenyewe ndizo hutia maji, bila kumsifu mtu.

Nilibahatika kuchuma zabibu Langhe msimu mmoja, zamani kidogo, nilipokuwa bado naangalia stoo ya mvinyo ya hoteli na mwajiri akaona nikajifunze. Nilidhani kazi ni kukata na kujaza. Siku ya kwanza mzee mwenye shamba alisimama nyuma yangu, akachukua kichala nilichokuwa nimekiweka kwenye kreti, akakigeuza. Upande niliouona mimi ulikuwa safi, wenye vumbi jeupe kama limepakwa poda. Upande wa ndani kulikuwa na zabibu tatu za rangi ya kahawia zenye manyoya ya kijivu. Akatoa kimkasi chake kidogo, akazikata moja moja bila kugusa zilizo jirani, akanusa, akakirudisha. Kisha akang'oa zabibu nzima kwenye kichala kingine, akaila, akatema kokwa kwenye kiganja akanionyesha. Kokwa mbili zilikuwa za kahawia kama kahawa iliyokaangwa, moja bado ilikuwa na weupe wa kijani upande mmoja. Akaondoka, na ule mstari hatukuuvuna mpaka siku nne baadaye. Mkasi ule na zile siku nne ndivyo unavyolipia mtu anaponunua chupa ya mwaka mgumu.

Fikiria hesabu yake. Kwa sheria za Barolo mkulima haruhusiwi kuvuna zaidi ya tani 8 kwa hekta. Mwaka mgumu anaanza na pungufu ya hapo, kisha katikati ya kiangazi anakata vichala vingine vya kijani akavitupa chini ili vilivyobaki viive, kisha siku ya kuvuna anatupa vilivyooza, kisha kwenye meza ya kuchambulia anatupa tena. Na mvinyo ukishakuwa tayari anaweza kuamua mapipa haya hayastahili jina la Barolo, akayauza kwa jina la chini na bei ya chini. Kila hatua ni pesa yake anaitupa. Mwenye deni benki atafanya hivyo kwa shingo upande, au hatafanya.

Mfano ninaoupenda ni wa hapo hapo Langhe, mwaka 2002. Kiangazi cha mvua na baridi, kisha mwanzo wa Septemba mvua ya mawe ikasaga sehemu kubwa ya eneo la Barolo. Watengenezaji wengi hawakutoa Barolo yao kabisa. Nyumba ya Giacomo Conterno ina shamba liitwalo Francia, upande wa Serralunga d'Alba, na mawe hayakulifikia. Wakasubiri, wakachambua, na mwaka huo hawakutoa Barolo yao ya kawaida. Vilivyostahili wakaviingiza vyote kwenye ule mvinyo wao mkubwa, Monfortino. Watu walicheka waliposikia kuna Monfortino ya 2002. Ilipotoka, miaka kadhaa baadaye, waliocheka waliitafuta.

Bordeaux 2018 ni sura nyingine. Mwanzo wa msimu ulikuwa wa mvua na joto, na ugonjwa wa ukungu ambao wakulima wa Dodoma huuita ubwiri vinyoya ukavamia. Watengenezaji wa huko waitwao Château Palmer, ambao hawatumii dawa za viwandani shambani, walibaki na hektolita 11 tu kwa hekta, yaani chini ya chupa 1,500 kwa hekta nzima. Kisha kiangazi kikakauka, jua likawaka hadi mavuno. Mvinyo wao wa mwaka huo ni mzito na umesifiwa sana, ila ni mchache kiasi kwamba hawakutengeneza ule wa pili, Alter Ego. Unaona tofauti na 2014 ya kwenu: huko tabu ilikuja mapema ikaondoka, ikaacha kiasi kidogo kilichokolea. Langhe 2014 tabu ilikaa katikati, ikaondoka kwa kuchelewa. Kwa hiyo usitegemee 2014 iwe nzito kama 2016, ambao ulikuwa mwaka mrefu, mtulivu, wenye kila kitu. Mwaka 2014, mkono ukiwa mzuri, hutoa Barolo nyepesi, yenye uchachu ulio wazi, harufu ya waridi na matunda mekundu, na tanini nyembamba. Mara nyingi hukubali kunywewa mapema, wakati 2016 bado inataka kuachwa ilale.

Na hapo ndipo namwelewa mama yako wa chupa ya pili. Nadhani alikula samaki, au pasta isiyo na nyama nzito, usiku wa Malindi, joto la kutosha. Nani anataka mvinyo mzito kwa hali hiyo? Mimi mwenyewe kwenye meza hiyo ningechukua 2014 hata bei zingelingana.

Kwa kuwa hunywi, tumia pua na macho, vinatosha sana. Chupa ikifunguliwa, inamishe glasi juu ya kitambaa cheupe. Usiogope ikiwa si nyekundu sana, nebbiolo haina rangi nyingi hata katika mwaka wake bora, na ukingo wake huelekea rangi ya tofali mapema. Kisha nusa. Waridi, cheri, majani makavu, hata lami kidogo: hiyo ni nebbiolo salama. Harufu ya majani mabichi yaliyofikichwa ni zabibu zilizovunwa kabla ya wakati. Harufu ya uyoga na vumbi la stoo ni dalili kwamba ukungu uliingia kwenye tangi, au kizibo kimeharibika, na hiyo usimpe mtu yeyote. Ukiinusa 2014 na 2016 za mtengenezaji mmoja usiku mmoja, glasi mbili upande kwa upande, utajifunza kuliko yote niliyoandika hapa.

Mgeni akikwambia 2014 ni mwaka wa mvua, usimbishie. Mwambie, "Ndiyo, kiangazi kilikuwa kibaya, lakini huyu alivuna kidogo na akachagua. Ni nyepesi kuliko 2016 na iko tayari leo." Akitaka nzito, mpe 2016 na pesa zake. Asiyejua lolote muulize anakula nini.

Kuhusu meneja: bei iko chini tayari, na inavyostahili. Kuishusha tena ni kuwaambia wageni kwamba nanyi mnaamini ni maji. Ila kabla hamjagombania bei kuna jambo linanitia wasiwasi kuliko mvua ya Piemonte. Barolo hukaa angalau miezi 38 kwa mtengenezaji kabla ya kuuzwa, na kati ya hiyo 18 ndani ya mapipa ya mbao, mahali penye ubaridi. Kisha inapanda meli, inashuka Mombasa, na sijui mmeiweka wapi. Nimeona hapa mjini makatoni ya mvinyo yamelala kwenye stoo iliyopakana na jiko, feni inapuliza hewa ya moto. Msimu mzima wa mkulima unaweza kufia pale kwa wiki mbili. Na ile desturi ya kusema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, kama nyuzi 16 hadi 18, wala si cha Malindi mwezi wa pili. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuipeleka mezani.

Nenda kesho ushike chupa moja kwa mkono. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu, au kuna utelezi wa mvinyo chini ya kile kifuniko chembamba kinachofunika kizibo, imeshapata joto. Hiyo itoeni kwenye orodha, nzuri au mbaya mwaka wake, na zilizobaki zihamisheni leo leo.